Uraibu Usio na Maneno: Mwanafunzi wa Kiswahili na Ladha Zake

Katika shule za Kenya ni nadra kumpata mtahiniwa ambaye hajapata kuandika, angaa mara moja, kwamba uraibu wake ni kusoma vitabu, kusikiliza muziki na kusafiri. Sentensi hiyo hukaririwa katika barua za kirafiki, katika insha za wasifu, katika mazungumzo ya kubuni na hata katika wasifukazi unaoambatishwa kwenye maombi ya kazi. Hukaririwa, kisha huachwa papo hapo. Ni vitabu gani? Muziki upi? Safari ya kwenda wapi, na msafiri alirudi na nini? Msomaji hapewi jibu kwa kuwa aghalabu mwandishi mwenyewe hakukusudia kulitoa. Mambo hayo matatu yamekuwa kama mhuri wa afisini: yanathibitisha kwamba nafasi iliyoachwa wazi imejazwa, lakini hayamwonyeshi mtu aliyeijaza.

Udhaifu huu ungekuwa mdogo lau ungeishia katika shule za msingi na za upili. Ajabu ni kwamba huvuka lango la chuo kikuu na kuingia katika kumbi za mihadhara pamoja na wale wanaotarajiwa kuwa walimu, wahariri, watangazaji na wahakiki wa Kiswahili. Mwanafunzi wa Kiswahili asiyeweza kueleza kwa Kiswahili kile anachokipenda, na sababu ya kukipenda, ameiacha nje nusu ya lugha anayojifunza. Kadhalika, chama cha Kiswahili kisichompa mwanachama nafasi ya kuzieleza ladha zake kimeacha pengo katika kazi yake. Lugha inayotumiwa katika mitihani, mikutano na hotuba pekee hupewa heshima na kutengewa kiti cha mbele. Lakini watu wakitaka kucheka, kulia au kusifu kitu kilichowagusa, huitafuta lugha nyingine.

Neno uraibu lenyewe lina somo ndani yake. Katika Kiswahili cha pwani, uraibu ni kile kitu kidogo ambacho mtu hukitafuna au kukivuta kwa kujiburudisha, na mfano wake mashuhuri ni tambuu pamoja na viungo vyake: popoo, chokaa, katu na tumbaku. Vitu hivyo viliwekwa katika kijaluba au kijamanda, na mgeni alipokaribishwa, kijaluba kilisogezwa mbele yake ili mazungumzo yapate ladha. Aliyetafuna peke yake huku mgeni akimtazama alihesabiwa mchoyo. Baadaye walimu na waandishi wa vitabu vya kiada nchini Kenya walilichukua neno hilo na kulipa maana ya shughuli aipendayo mtu wakati wa mapumziko, nao wanahabari wa leo hulitumia pia kwa mazoea mabaya ya dawa za kulevya. Katika kuhamahama huko, jambo moja limedondoka njiani, nalo ni kule kusogeza kijaluba. Uraibu wa zamani ulikuwa kitu cha kugawana. Uraibu wa insha za leo hutajwa, kisha hufunikwa.

Yatazamwe maisha ya kawaida ya bweni. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hushinda mchana kutwa akichambua takriri, tashbihi na jazanda katika diwani aliyopangiwa. Jioni huiwasha simu yake akasikiliza wimbo unaomtuliza. Mwenzake akimwuliza kwa nini anaupenda wimbo huo, jibu huja kwa Kiingereza, au kwa mabega yaliyopandishwa, au kwa yale maneno mawili yanayotosha kwa kila kitu: ni mzuri. Si kwamba hana la kusema, kwani moyo wake umejaa. Lakini amefundishwa Kiswahili cha kumweleza mtahini kazi za watu wengine, asifundishwe Kiswahili cha kumweleza rafiki hisia zake mwenyewe.

Hasara ya hali hii haiishii bwenini. Uhakiki, ukichunguzwa vyema, ni mapenzi au machukio yaliyotafutiwa sababu. Mtu husikiliza, huguswa, hujiuliza kilichomgusa, kisha hulirudia lile alilolisikiliza akiwa na swali mkononi. Asiyeweza kueleza kwa nini wimbo fulani humwondolea uchovu, ataelezaje kwa dhati kwa nini shairi fulani lina uzito? Atakimbilia mwongozo. Walimu wengi wa fasihi wanaijua taabu ya kusahihisha makaratasi hamsini yenye maoni mamoja, kwa mpangilio mmoja, na wakati mwingine kwa makosa yale yale ya tahajia. Lawama hutupiwa uvivu. Uvivu upo, lakini chini yake pana jambo jingine: mwanafunzi hajawahi kuambiwa kwamba ladha yake ina thamani, wala hajazoezwa kuitetea kwa lugha anayoisomea.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha wa kuzungumzia muziki, sanaa na safari. Dai hili halina mashiko. Kwanza uchukuliwe muziki. Taarabu peke yake ina hazina ya maneno ambayo wanafunzi wengi hukutana nayo mara chache mno: mahadhi, kiitikio, udi, ganuni, dumbak, tari, na tashkota, ala ya nyuzi yenye asili ya Japani iliyopata makao mapya Mombasa. Anayempenda Juma Bhalo anaweza kueleza jinsi mwimbaji huyo alivyoyachukua mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi akayavika maneno ya Kimvita, na jinsi mashairi ya Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita, diwani iliyochapishwa mwaka 1971, yalivyoweza kusomwa kitabuni na pia kusikika jukwaani. Mwingine atasema kwamba mahadhi ya Kihindi yanamchosha, na kwamba yeye huuona utamu wa taarabu katika udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu. Hapo pana mjadala wa kweli: je, wimbo ulioazima mahadhi hupungukiwa na uasili? Swali kama hilo laweza kuwapeleka wanafunzi mbali kuliko mihadhara mitatu kuhusu fasihi linganishi.

Si taarabu pekee. Anayeupenda wimbo wa Les Wanyika uitwao Sina Makosa ana mengi ya kusema. Bendi hiyo iliundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika, bendi ambayo mizizi yake ilikuwa Tanga. Magitaa yake huzungumza kwa kupokezana, moja likiuliza na jingine likijibu, ilhali besi hutembea taratibu kama mtu asiye na haraka ya kufika. Mpenzi wa muziki huo anaweza kujiuliza ni kwa nini wimbo wenye malalamiko huchezwa kwa furaha harusini. Anayevutwa na rapu naye atawataja Kalamashaka wa Dandora, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 walitoa Tafsiri Hii na kuonyesha kwamba vijana wa mtaa wa Nairobi wangeweza kurapu kwa Kiswahili kizito pasipo kuomba radhi. Benga ya D. O. Misiani, aliyefariki mwaka 2006, iliimbwa zaidi kwa Kidholuo. Lakini hakuna kinachomzuia mpenzi wake kuifafanua kwa Kiswahili mbele ya mwenzake kutoka Kitui au Hola.

Katika sanaa za mikono na za rangi, hali ni ile ile. Kanga iliyo begani mwa mama sokoni ina pindo, ina mji na ina jina, nayo huuzwa kwa doti. Anayeipenda hatakosa la kusema kuhusu uhusiano wa sehemu hizo: jinsi pindo linavyoushika mji usitawanyike, na jinsi jina, ambalo mara nyingi huwa methali au kijembe, linavyoweza kuupinga utulivu wa maua yaliyolizunguka. Kanga za Mali ya Abdulla zenye asili ya Mombasa, na maduka ya Barabara ya Biashara katika mji huo, ni maktaba ya aina yake kwa mwanafunzi wa semi. Milango ya Lamu nayo ina miimo, kizingiti cha juu na mfaa katikati, na kila sehemu ina nakshi zake. Mtu anayeweza kuutaja mfaa huuona. Asiyeujua jina huuona mlango mzima kama ubao uliochorwachorwa, akapiga picha akaenda zake.

Upo pia mfano wa Edward Said Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 akitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vibao vya mraba. Alichora wanyama, ndege na miti kwa rangi zinazong'aa, akafa mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza. Wanafunzi wake waliiendeleza mbinu hiyo hata jina lake likawa jina la mtindo. Wako wanaoipenda michoro hiyo kwa uchangamfu wake, na wako wanaoiona kuwa bidhaa ya watalii inayorudiwarudiwa. Pande zote mbili zina hoja. Kinachosikitisha ni kwamba hoja hizo husikika zaidi kwa Kiingereza, ilhali mchoraji mwenyewe aliishi na kufanya kazi katika mji wa Waswahili. Mwanafunzi wa Nairobi hana haja hata ya kupanda basi ili aanze kujifunza kutazama. Katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, kandokando ya Barabara ya Moi, kuna mkusanyo wa kazi za sanaa za Kiafrika uliotokana na mapenzi ya mtu mmoja, Joseph Murumbi, aliyepata kuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Murumbi alikusanya alivyovipenda, navyo leo hutazamwa na umma. Huo ndio uraibu uliosogezwa mbele ya mgeni.

Kuhusu safari, Kiswahili kina urithi ambao ungeshangaza wengi wanaodhani kwamba masimulizi ya safari ni utanzu wa Wazungu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli. Ndani yake Mtoro bin Mwinyi Bakari anaisimulia safari yake ya Udoe hadi Uzigua, naye Selemani bin Mwenye Chande anaisimulia safari yake ya bara. Wa ajabu zaidi ni Salim bin Abakari, ambaye mwaka 1896 aliandamana na Mjerumani aliyeitwa Bumiller hadi Urusi na Siberia, kisha akayaeleza kwa Kiswahili aliyoyaona huko. Hapakuwa na kamusi ya istilahi ya kumsaidia. Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili ilikuja kuundwa mwaka 1930, zaidi ya miongo mitatu baada ya safari hiyo. Hata hivyo hakusema kwamba nchi ya baridi kali haielezeki kwa lugha ya nchi ya joto. Alikuwa na macho, alikuwa na lugha, akaviunganisha.

Ulinganishwe ujasiri huo na ripoti za ziara za kimasomo zinazoandikwa na vyama vingi vya wanafunzi. Basi liliondoka saa fulani, likafika saa fulani, wanachama walitembelea Ngome ya Yesu, walikula chakula cha mchana, walishukuru uongozi wa idara. Ngome iliyojengwa kati ya mwaka 1593 na 1596 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011 inapewa mstari mmoja, mara nyingine mfupi kuliko ule wa pilau. Msomaji wa ripoti hiyo hajui kama kuna mwanachama aliyesimama juu ya kuta zile akahisi fahari, hasira, huzuni au uchovu mtupu. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2001, nao mji wa kale wa Gedi mwaka 2024. Orodha hizo hukaririwa kwa ajili ya mtihani. Lakini msafiri aliyetembea baina ya kuta za Gedi, mji uliohamwa na watu wake na kuachiwa msitu, na asiseme neno lolote lililo lake, ameleta nini nyumbani?

Ni kweli kwamba yapo mapingamizi, na haifai kuyapuuza. La kwanza ni kwamba ladha ni siri ya mtu. Wahenga walisema kipendacho moyo ni dawa, na dawa ya mtu haijadiliwi barazani. Pingamizi hili lina ukweli wake: hakuna anayepaswa kulazimishwa kuufungua moyo wake hadharani, na kuna mapenzi ambayo hupungua yakisemwa sana. Hata hivyo, kueleza sababu si kumlazimisha mwingine akubali. Anayesema kwamba anaupenda muziki wa injili kwa sababu ulimtegemeza wakati wa msiba hamwambii jirani yake auache muziki wa dansi. Anamwezesha kumwelewa, basi. Asiyekubali kuulizwa lolote kuhusu alipendalo mara nyingi ndiye ambaye hajajiuliza.

Pingamizi la pili ni la umaskini. Safari, michoro na ala za muziki hugharimu fedha, na mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa masomo, akipika uji kwa zamu na mwenziwe, ataonaje kwamba mazungumzo kuhusu ladha ni ya watu wa aina yake? Anayesema hivi anastahili kusikilizwa, kwa maana ni kweli kwamba neno uraibu limekuwa na harufu ya matajiri. Lakini haja ya kuguswa na uzuri haikuanza na pesa. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, alikuwa mfinyanzi aliyeuza vyungu kabla ya sauti yake kumfikisha Bombay, ambako nyimbo zake zilirekodiwa mwaka 1928. Vilevile safari ya matatu kutoka Kakamega hadi Nakuru ni safari, nayo ina mandhari, wasafiri, vitisho na vichekesho vyake. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, huchezwa katika sherehe na mazishi ya vijijini bila tikiti ya kuingilia.

Siti huyo huyo ana somo jingine. Baada ya kufa kwake mwaka 1950, maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad. Mwandishi ambaye wengi humwona kuwa mkuu wa nathari ya Kiswahili ya karne ya ishirini hakuona kuwa ni dhila kuitoa kalamu yake kwa ajili ya mwimbaji. Alimstahi, akataka na wengine wamstahi, akazitafuta sababu na kuziandika. Hiyo ndiyo kazi inayopendekezwa hapa, na imekwisha fanywa na mtu ambaye wanafunzi humtaja kila muhula. Yashangaza kwamba wamekubali kumrithi katika utenzi, riwaya na insha, lakini wameisahau sehemu hii ya urithi wake.

Pingamizi la tatu hutolewa kwa sauti ya chini zaidi: kwamba vijana tayari hugawana ladha zao kutwa kucha kwenye mitandao ya kijamii, tena kwa Sheng, na kwamba wasomi wa Kiswahili wamechelewa. Ni kweli kwamba hugawana. Lakini kinachogawanwa mara nyingi ni kitu chenyewe pasipo maneno: wimbo unarushwa, picha ya ufukwe wa Diani inabandikwa, alama ya moyo inabonyezwa, na mambo yameisha. Sheng haina kosa hapa, kwani nayo ina ubunifu wake na inaweza kubeba sababu kama lugha nyingine yoyote. Kosa ni ule ukimya uliovikwa vazi la mazungumzo. Hapo ndipo kunapozuka tofauti kati ya kushirikisha na kujionyesha. Anayejionyesha humwambia mwenzake, tazama nilikofika. Anayeshirikisha humwambia, tazama nilichokiona, unakionaje? Wa kwanza hana haja ya jibu, wa pili hawezi kuendelea asipolipata.

Na isidhaniwe kwamba Kenya haijapata kuwa na desturi ya umma ya kugawana ladha kwa Kiswahili. Vipindi vya salamu redioni viliwahi kuwaunganisha wakulima, walinzi, makanga, wauguzi na wanafunzi waliojaza kadi, wakataja majina ya marafiki waliokuwa mbali, kisha wakachagua wimbo wa kuwaburudisha wote. Watu ambao hawakuwahi kuonana walijuana kwa nyimbo walizozichagua, nayo lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Wasomi waliziona kadi hizo kuwa mambo ya watu wasio na shughuli. Pengine waliharakisha kuhukumu, kwa maana wale waliozijaza walikuwa wakifanya jambo ambalo vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vingi havijafaulu kulifanya.

Jambo hili lina uzito zaidi katika nchi ambayo watu wake hushawishiwa kila baada ya miaka mitano wajuane kwa majina ya ukoo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilionyesha jinsi jirani anavyoweza kugeuka kuwa kabila tu machoni pa jirani yake. Itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba mazungumzo kuhusu muziki yangeyazuia machafuko yale, ambayo yalikuwa na mizizi katika ardhi, mamlaka na dhuluma za muda mrefu. Lakini si kutia chumvi kusema kwamba ni vigumu zaidi kumchukulia mtu kama jina la kabila baada ya kumsikia akieleza kwa nini nyuzi nane za nyatiti humkumbusha babu yake, au kwa nini hujisikia mgeni kila afikapo mjini kwao. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lugha ya taifa haikamiliki kwa kuandikwa katiba pekee. Hukamilika pale wananchi wasio na lugha moja ya mama wanapoitumia kuambizana mambo yasiyo ya lazima, yale ambayo mtu huyasema kwa sababu tu amependa kuyasema.

Nini kifanyike basi? Vyama vya Kiswahili vyuoni havihitaji bajeti kubwa wala mgeni wa heshima. Mara moja kila mwezi, mwanachama mmoja apewe robo saa alete wimbo, picha, kanga, kinyago au kumbukumbu ya safari, akieleze kwa Kiswahili kitu hicho na atoe sababu tatu za kukipenda, neno zuri likiwa mwiko. Wenzake wamwulize maswali, na asiyekubaliana naye asimame aseme, kwa adabu, ni kwa nini. Maneno yatakayokosekana yaandikwe ubaoni na kutafutwa, ama katika kamusi, ama kwa mafundi wenyewe: seremala, mshonaji, mpiga gitaa, nahodha. Huenda ikagunduliwa kwamba mengi ya maneno hayo yapo, nayo yamekuwa yakisubiri kuulizwa. Majarida ya vyama nayo yatenge ukurasa wa ladha, na ripoti za ziara ziandikwe kama masimulizi ya safari, yenye macho na masikio ya mtu mahususi.

Wahadhiri pia wana sehemu yao. Mwanafunzi anayemjua mhadhiri wake kwa sauti ya nadharia pekee huhitimisha kwamba fasihi ni kazi ya watu wasiopenda kitu. Mhadhiri wa isimu anayeweza kutenga dakika tano aeleze kwa nini huupenda wimbo wa Daudi Kabaka, au kwa nini hakupendezwa na riwaya inayosifiwa na kila mtu, hufundisha jambo ambalo halimo katika muhtasari wa kozi. Hufundisha kwamba msomi anaruhusiwa kupenda, na kwamba kupenda kwake hakumwondolei wajibu wa kutoa sababu. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, Kiswahili husifiwa kwa wingi wa wasemaji wake na kwa ukubwa wa eneo lake. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, lugha haiishi kwa kuhesabiwa vichwa. Ingependeza iwapo katika sherehe hizo, baina ya hotuba mbili, wangesimamishwa wanafunzi wachache waeleze kwa lugha hiyo kitu kimoja kilichowafurahisha mwaka huo.

Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la bidhaa huenda ikawa hivyo. Katika mambo ya moyo, kizuri kisichosemwa hufa na aliyekipenda, na lugha isiyotumiwa kukisema hupungukiwa na neno jingine. Tambuu ingali mkononi mwa wanafunzi wa Kiswahili. Nyimbo wanazo, michoro wanaiona, njia wanazipita. Kilichobaki ni kukifungua kijaluba, kukisogeza mbele ya mwenzao, na kumwambia kwa Kiswahili kilichomo na utamu wake ulipo.